Nilivyomsikiliza Mke Wangu

Jumatatu, 3 Machi

Mke wangu bado yuko kwa kaka yake. Sharti la kurudi: niongee na mshauri nasaha kwa video kwenye simu mpaka nijifunze kusikiliza. Tarehe 13 tutakaa kikao wote watatu, kisha ataamua. Mimi! Kinyozi! Kutwa nzima nasikiliza watu! Kosa langu eti aliniambia anaenda kupasuliwa goti, nikajibu "safi sana". Ulikuwa wakati wa penalti. Kaka yake ndiye aliyempeleka hospitali, na tangu siku hiyo shemeji anajiona mtakatifu.

Mshauri ana sauti ya upole. Aliniuliza nilijisikiaje mke alipoondoka. Nikasema njaa. Akanishukuru kwa kusema ukweli. Huyu mama nitamweka mfukoni.

Alhamisi, 6 Machi

Mpango kabambe. Kikao nilikifanyia saluni, nikamkalisha fundi viatu, jirani yangu, atoe ushahidi kwamba mimi ni msikivu. Alianza vizuri. Kisha Mshauri akamuuliza yeye mwenyewe anaendeleaje. Balaa! Mwanawe hampigii simu, usingizi hapati, machozi mpaka kwenye aproni. Muda wangu wote ukaishia kwake. Mshauri akaniuliza kama nilikuwa nayajua hayo. Nikasema tangu zamani. Kwa kweli sikujua hata kama ana mtoto, na kichwa kile nimekinyoa miaka.

Sasa kapangiwa kikao chake, kila Jumanne. Anapita saluni kwangu akisema "mshauri wangu". Wake tangu lini?

Jumatatu, 10 Machi

Zoezi. Mshauri aongee, mimi ninyamaze, kisha nirudie nilichosikia. Akasimulia habari za bibi yake. Niliporudia, nikampa na ushauri kuhusu paa linalovuja. Kumbe hakutaja paa. Hakucheka wala kukasirika.

"Hujafeli," akasema. "Hapa hakuna mtihani. Tutakwenda polepole."

Nikamuuliza sasa nimepata ngapi.

Mchana nikinyoa nimeligundua tatizo. Si mimi, ni sauti! Nikisikia maneno, mdomo unaniwasha. Lakini mashine ikinguruma sisikii kitu, naitikia tu "kweli kabisa", na wateja wanatoka wakinisifu kwamba nina moyo wa kusikiliza. Dawa nimeipata.

Alhamisi, 13 Machi

Ushindi! Kikao kilipoanza tu, nikazima sauti ya simu. Nikaweka mkono kifuani, nikainamisha kichwa upande, kama ninavyowafanyia wateja wakubwa.

Mke wangu aliongea muda mrefu. Amekonda. Alipofuta macho, moyo uliniuma kwelikweli. Nimemkumbuka, nyumba imepoa bila yeye. Kidogo nifungulie sauti. Nikajikaza, nisije nikaharibu.

Mshauri akasema jambo, akinitazama, akalirudia taratibu. Nikaitikia kwa kichwa. Kisha mke wangu akauliza kitu kifupi, macho yake yamenikazia. Nikaitikia kwa nguvu zangu zote, mara tatu, asibaki na shaka. Naye akaitikia. Kikao kikaisha.

Sikumkatiza hata neno moja! Tangu tuoane haijapata kutokea. Nimelala chali kitandani nikitabasamu peke yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Ujumbe wa mke wangu, asubuhi: "Nakuja kesho. Asante kwa kukubali bila ugomvi. Sikutegemea." Ugomvi wa nini tena? Nimemwonyesha fundi viatu. Ameusoma, akanishika bega, akaniuliza kama nina mtu wa kuzungumza naye. Wivu huo. Kikao kimoja tu, tayari anajifanya mtaalamu.

Mshauri amepiga simu mara mbili. Nilikuwa na mteja. Pongezi zinaweza kusubiri.

Jioni shemeji naye kapiga, mpole ajabu. Ameuliza kama kabati la chumbani linafunguka vipande au litatoka zima, maana anakuja na pikapu. Kumbe mke wangu analeta kabati jipya! Anataka tuanze upya kabisa. Nikamwambia aje tu, asiwe na wasiwasi, kila kitu nitakiweka tayari.

Nimefagia. Nimehamishia nguo zake zote kwenye masanduku, nikazikunja vizuri, kabati liwe tupu. Hata mlango wa mbele nimeung'oa bawaba, wapite bila taabu.