Kuzindua Kingereza cha Kutenda, Fungurume

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa Ministre, Tata Padri, Tata Pasta (mukae mbali kidogo, leo musianze), Mama Présidente wa bamama wa soko, batoto yangu ya mwaka wa mwisho wa Institut Tuendelee, na juu ya wote mgeni wetu Mama Mutale, mkurugenzi wa shule aliyetoka Solwezi, ng'ambo ya mpaka, ili aone darasa letu kwa macho yake na, akiridhika, atuachie mwalimu wake wa Kingereza mpaka Examen d'État, mtihani wa kumaliza shule: itifaki yote imezingatiwa! (Makofi.)

Mi Donatien Kabeya, Coordinateur wa Metodi ya Taski, mutu aliyefika Ndola, Lusaka na uwanja wa ndege wa Johannesburg bila kutoka nje, natangaza kwamba zamani zimekwisha! Zamani mutoto alikariri verbe kama sala ya jioni, kisha dereva wa lori akimuuliza njia kwa Kingereza, anabaki kutazama viatu. Sisi tunasema hapana: mutoto apewe taski, maana yake kazi ya kweli, auze tomati kwa Kingereza, aelekeze dereva kwa Kingereza, apatanishe bagomvi kwa Kingereza, na lugha itamuingia huku akitenda! (Sauti: "Kweli, tata!") Kupitia approche communicative, feedback na participation, tumefikia asilimia mia moja na kumi na mbili ya batoto, pamoja na wale bado kuzaliwa. (Kicheko.)

Sasa, mukalimani wetu ameenda kwenye ndoa Lubudi. Glodie! Mutoto wa Mama Joyeuse muuza mikate, wewe unayewauzia madereva wa Solwezi, njoo, usiogope. Mwambie Mama Mutale kwamba maktaba yetu imejaa na walimu wetu wanasukumana mulangoni.

(Glodie anasema maneno machache. Mama Mutale anachungulia nyuma ya tente, hema la sherehe.)

Mbona fupi hivyo? Umesema nini?

(Glodie: "Nimemwambia kitabu hatuna, tata. Na mwalimu wetu alienda kutafuta kazi ku mine, mgodini, hakurudi. Na egzamini ni mwezi kesho." Umati: "Sema, mwana!")

Aï! Mutoto huyu! Mama Mutale, sorry, very very sorry...

(Mama Mutale anacheka, anamshika Glodie mkono, wanaongea Kingereza muda mrefu. Glodie anaruka juu.)

Basi utwambie na sisi!

("Anasema ametafuta darasa, hakuliona, lakini mwanafunzi amemuona. Anatuachia mwalimu wake, Teacher Tania. Tunaanza Jumatatu, lundi hii!" Vigelegele.)

Mumeona? Mumeona metodi? Kazi ya kweli, mbele ya mutu wa kweli! Mi nilipanga hivyo tangu mwanzo! (Kicheko kirefu.) Taski? ("Oyee!") Kingereza cha kutenda? ("Oyee!") Kabeya? (Kimya.) Haya, Glodie? ("OYEEE!")

Kwa kumaliza, nashukuru familia ya matanga iliyotuazima tente, wanaingojea pale nje na marehemu wao. Nashukuru fundi aliyetuchapia pagne, vitenge vyenye picha yangu (bamama, mukikaa, mukae polepole), kwa maana katika mradi huu ndicho kitu pekee kilichochapishwa. Na namshukuru zaidi Teacher Tania, kwa sababu akifika lundi tutamuomba, kwa heshima zote, atufundishe metodi hii inafanywa namna gani.