Kifungu cha Tisa na Kucha za Mabel

"Sikieni mambo haya," Springi, fundi makochi, alisema, akilitandaza gazeti juu ya makombo ya donati. "Bunge la jimbo linataka kupiga marufuku kung'oa kucha za paka. Daktari atakayeng'oa, faini juu yake."

"Nipe ukurasa wa michezo," Meya akasema.

"Haupo. Muulize Koleo."

Koleo ndiye Verlin, aliyefunga mabomba ya mji huu miaka arobaini mpaka magoti yakagoma. Alifungua vifungo viwili vya koti, na kichwa cha mtoto wa paka wa kijivu kikachungulia. Mabel alikuwa amepasuliwa juzi kufungwa kizazi, na daktari alikataza mchanga wa chooni kwa muda, usije ukaingia kwenye kidonda. Kwa hiyo choo chake sasa kilikuwa magazeti yaliyochanwachanwa, na magazeti ya bure mjini yanapatikana kwenye duka hili la donati.

"Siasa nilimpa, akainusa akaondoka," Verlin alisema. "Michezo ndiyo aliyoikubali."

"Ana akili kuliko nusu ya wapigakura," Springi akasema.

"Na hilo gauni alilovaa?" Meya akauliza.

"Soksi ya Koleo," Sindano alijibu. Yeye ni nesi mstaafu, na hapo mezani hakuna ambaye hakuwahi kumvulia suruali kwa ajili ya sindano. "Daktari alimfunga kola ya plastiki shingoni asilambe nyuzi. Mtoto akawa anatembea kinyumenyume, anagonga kila ukuta. Nikakata matundu manne ya miguu kwenye soksi, nikamvika. Hebu lete nimwone."

Akaifunua soksi tumboni, akatazama kwa miwani, kisha bila miwani. "Hakuna usaha, hakuna wekundu. Anakula?"

"Kunishinda."

"Anaruka?"

"Nalala naye sakafuni asipate pa kurukia."

"Na magoti yako hayo?"

"Yanalalamika, lakini hayana nyuzi."

Meya akakohoa, akatoa mkataba wa kupanga mfuko wa ndani. Jina lake Dwight, na hakuwahi kuchaguliwa hata kuwa kiongozi wa kwaya, ila alikuwa na jengo la nyumba sita nyuma ya kanisa na alivaa tai kuja kunywa kahawa. Nyumba ya chini ya jengo lile ilikuwa ya pekee isiyo na ngazi ambayo Verlin aliipata. Nyumba aliyokuwa akikaa, yenye ngazi kumi na nne, alikwisha kuiuza na Ijumaa alitakiwa awe ametoka.

"Tia saini hapa, Koleo. Ila kifungu cha tisa unakijua."

"Nakijua."

Kifungu cha tisa kilisema paka ruhusa, mradi awe ameng'olewa kucha. Daktari wa Mabel alikataa kazi hiyo. Mwingine, ng'ambo ya mto, alikubali, na alitaka jibu leo kabla ya saa sita. Verlin alikuwa na hofu kuliko alivyotaka kuonyesha. Tangu mkewe afariki, huyu wa kwenye koti ndiye wa kwanza kumlaki mlangoni, na sasa alitakiwa kumrudisha kwenye kisu kwa sababu ya zulia la Meya.

"Mimi huo mswada naupinga," Meya akaendelea. "Serikali imeingia mifukoni, imeingia jikoni, sasa inataka kuingia mpaka kwenye miguu ya paka. Kesho wataleta fomu ya kujaza kabla hujakata kucha zako mwenyewe."

"Kwani aliyeingia kwanza kwenye miguu ya paka ni nani?" Springi akauliza. "Kifungu cha tisa alikiandika gavana?"

"Jengo ni langu."

"Na miguu ni ya paka."

"Wewe nyamaza, fundi makochi. Unatetea riziki yako."

"Natetea, sikatai," Springi alisema, akijilamba sukari kidoleni. "Kucha za paka ndizo zilizomsomesha binti yangu. Nikiona paka anakwaruza kochi, namwamkia. Lakini kwa kuwa mimi nanufaika, ndiyo niseme kumkata vidole ni vizuri?"

"Nani amesema vidole? Ni kucha tu."

"Hapo ndipo hujui," Sindano akasema. "Lete mkono."

Meya akautoa mkono kama mtu anayepimwa presha. Sindano akakishika kidole chake cha shahada kwenye pingili ya mwisho, akabana.

"Kucha ya paka imeota kwenye mfupa. Huing'oi peke yake. Inakatwa hapa, pingili nzima na mfupa wake. Kidole hadi kidole."

"Unaniumiza."

"Mkuki kwa nguruwe," Springi akamalizia kwa kutafuna.

Meya akarudisha mkono, akaupapasa chini ya meza. "Paka hawasikii maumivu kama sisi. Wiki mbili, amesahau."

Verlin hakuwa mtu wa kubishana. Akavua glavu ya kushoto na kuweka mkono mezani, kando ya mkataba. Kidole cha kati kiliishia njiani.

"Hiki kilibaki kwenye mashine ya kukata mabomba, mwaka aliozaliwa mwanangu," alisema. "Mwanangu sasa ana upara. Na baridi kama ya leo ikipiga, inaniwasha ncha. Ncha yenyewe haipo, na inawasha. Nikune wapi, Dwight?"

Hakuna aliyemwita Meya kwa jina lake pale dukani, na Meya mwenyewe akashtuka kulisikia.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," Sindano akasema taratibu.

"Sitamng'oa," Verlin akasema. "Kama ni hivyo, Ijumaa nahamia kwenye gari langu. Lina hita."

"Hita yenyewe mbovu," Springi akasema.

"Lina blanketi."

Meya akalegea kidogo, lakini mwenye nyumba hashindwi mbele ya donati. "Tusiletane huruma, tuletane ushahidi. Huyu hapa Sindano. Miaka tisa ni mpangaji wangu, hana paka, na zulia lake utadhani limetandikwa jana. Kila nikikagua namsifu. Pasipo kucha pana zulia, basi."

Sindano akaweka kikombe chini. "Ninao wawili."

"Wawili nini?"

"Paka. Kucha zote, mbele na nyuma. Nimelizungushia gogo kamba, wanakwaruza hilo, na ncha nazipunguza mwenyewe. Zulia hawana habari nalo. Paka anayeharibu zulia ni yule uliyemkata, maana mchanga unamchoma vidonda, anaamua kukojoa penye laini. Au hujiulizi kwa nini nyumba namba nne umebadilisha zulia mara tatu?"

Springi aliacha kutafuna.

"Uongo," Meya akasema. "Nimekagua kwako kila mwaka."

"Umekagua."

"Nikakaa kwenye kochi."

"Ukakaa. Ukaegemea mto wa manyoya, ukaniuliza nimeununua wapi."

"Mto ule ulikuwa na joto," Meya alisema polepole. "Nilidhani ni jua la dirishani."

Springi akalaza kichwa mezani, mabega yakitikisika. Mwenye duka akatoka nyuma ya kaunta kuuliza nani anaumwa.

"Umevunja mkataba miaka tisa, Sindano."

"Nimevunja. Nifukuze, halafu utafute mpangaji mwenye zulia kama langu."

Meya akaomba kalamu, akakipiga kifungu cha tisa mstari mmoja, akaongeza wa pili, akaandika herufi za kwanza za jina lake pembeni na kumsogezea Verlin bila kumtazama usoni. Verlin akatia saini kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulikuwa ndani ya koti umemshika Mabel.

Wakaanza kuinuka mmoja mmoja, wakifunga skafu. Meya akaenda kaunta kuongeza kahawa. Aliporudi, alisimama mbele ya kiti chake mwenyewe, akainama, akakipapasa kwa mkono mzima, ndipo akakaa.