Kujiamini Nyuma ya Kioo Cheusi

Jumatatu, 4 Machi

Nimekwisha. Mkuu wa chuo ametuita wakufunzi wote ofisini, akasema waajiri wanalalamika. Vijana wetu wanachomelea vizuri, wanashona vizuri, lakini hawajui kumtazama mteja usoni, hawajui kufanya kazi na wenzao, na wakikosea wanaficha. Kwa hiyo kila mkufunzi atafundisha kipindi kimoja cha stadi za maisha. Ijumaa anakuja mkaguzi. Atakayeboronga, alisema Mkuu huku akinitazama mimi, asitegemee cheo mwaka ujao.

Mwenye cheo ni mimi! Mkuu wa karakana. Nimekipata kwa jasho langu, bila mjomba wa kunishika mkono, nikianzia kufagia vyuma chakavu.

Mada tuliziokota kwa kura kwenye kopo. Mwalimu wa ushonaji, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki, alipata Kusikiliza Wengine. Mimi nikapata Kujiamini Mbele ya Watu.

Miaka kumi na moja nimefundisha kuchomelea nikiwa nimeshusha barakoa ya chuma, grenda ikinguruma. Kwa makadirio yangu, theluthi mbili ya niliyosema hakuna aliyeyasikia, na bado wanafaulu. Sasa nisimame uso mtupu. Wanafunzi thelathini na mmoja, macho sitini na mawili. Toa moja, yupo aliyefungwa bandeji jichoni. Sitini na moja.

Jumanne, 5 Machi

Nimejaribu kubadilishana mada na Redio. Nilimvizia wakati wa chai nikamwambia, kwa upole kabisa, kwamba kipaji chake kinapotea bure kwenye kusikiliza. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Aliniita kaka yake mpendwa, akasema hawezi kuninyima nafasi ya kung'aa.

Saa nne alikuwa ofisini kwa Mkuu akinisifia. Eti nina hamu kubwa, eti nimeomba nifungue dimba. Sasa kipindi changu ni cha kwanza! Anakitaka cheo changu huyu. Nimemwona akiipima karakana kwa macho, ameshajua cherehani zake zitakaa wapi.

Jumatano, 6 Machi

Nimefanya mazoezi mbele ya mke wangu, naye akichambua mchele. Nilifika kwenye "Ndugu wanafunzi". Halafu akainua uso akanitazama. Nikatoka nje kuangalia kama geti limefungwa.

Niliporudi alisema niwaambie tu wanafunzi kwamba naogopa, basi. Nikamuuliza, mkuu wa karakana awaambie watoto anaogopa? Nitamshikisha nani adabu tena?

"Baba watoto, wanajua," akasema. "Anayedhani hawajui ni wewe peke yako."

Nina mpango.

Alhamisi, 7 Machi

Mpango ni huu. Kipindi kitafanyika karakana, si darasani. Nimemwambia Mkuu kwamba kujiamini hakufundishwi kwa chaki, kunafundishwa kwa vitendo. Alifurahi sana, akanipiga bega. Nitavaa barakoa yangu mwanzo mpaka mwisho. Nikikwama, nawasha grenda. Mkaguzi ataona midomo ya kila mtu ikicheza na ataandika kwamba mjadala ulikuwa mkali.

Nikawatangazia wanafunzi. Yule binti tunayemwita Mnong'ono, ambaye kumsikia lazima uiname, aliuliza barakoa na kujiamini vinahusianaje. Nikamjibu kwamba kujiamini huanza na usalama kazini. Aliniangalia kidogo, kama mtu anayekagua kiungo kilichochomelewa vibaya.

Ijumaa, 8 Machi

Niandike yote kabla ya kulala.

Mkaguzi alikuja, mama mmoja mpole wa kutisha. Akaketi karibu na mlango. Nikashusha barakoa, nikashika grenda, nikabonyeza. Kimya. Umeme umekatika!

Na hapa kuna jambo ambalo mtu wa kazi yangu hakutakiwa kulisahau. Kioo cha barakoa ni cheusi kwa ajili ya mwanga wa moto. Bila moto huoni hata kidole chako. Nilikuwa gizani. Lakini lo, giza lile lilikuwa tamu! Hakuna jicho hata moja. Nikaanza kutembeatembea, maneno yakafunguka yenyewe. Nikasema simameni wima, mtazameni mtu machoni, kama mimi ninavyowatazama sasa. Nikasikia mtu anakohoa kicheko. Kisha mkono mdogo ukanishika bega, ukanigeuza taratibu, ukainua barakoa.

"Mwalimu," alisema Mnong'ono, "sisi tuko huku."

Nilikuwa naihutubia mitungi ya gesi. Mkaguzi alikuwa nyuma yangu muda wote.

Macho yote yakanishukia. Nilitaka kusema kitu cha heshima, kikatoka kingine.

"Naogopa," nikasema.

Hakuna aliyecheka. Mnong'ono akasema na yeye pia. Kwamba mteja akimwuliza bei hutamani ardhi ipasuke. Alisema kwa sauti, na hatukuinama kumsikia. Mwenye bandeji akasema alivunja mashine ya kukatia vyuma mwezi uliopita akanyamaza, kwa hofu ya kufukuzwa. Wakaanza kuulizana, kushauriana, kuzoezana kumpokea mteja wa uongo. Mimi nilikuwa nimeketi juu ya ndoo. Mkaguzi aliniambia baadaye kwamba hakutegemea kuona kitu kama kile.

Cheo kimebaki. Redio alihutubia kipindi kizima kuhusu kusikiliza. Mkaguzi aliinua mkono mara tatu, hakuonekana.

Jumamosi, 9 Machi

Janga. Mkuu amenipigia simu kwa furaha. Mwezi ujao nikafundishe somo lilelile kwenye mkutano wa wakufunzi wa vyuo vyote. Watu mia mbili na arobaini. Macho mia nne na themanini!

Mke wangu anasema si nimeshajua la kufanya, niwaambie kama nilivyowaambia wale vijana. Hajui mambo ya ufundi. Jana lilinitoka kwa bahati mbaya, na bahati mbaya huwezi kuipangia ratiba. Nimepiga hesabu upya. Kilichonisaidia ni umeme kukatika.

Nimemtembelea fundi umeme wa ukumbi wa mkutano huo. Mtu mwelewa. Amekubali, nikigusa sikio, azime kila kitu. Alinionya tu kwamba ipo taa moja ya dharura asiyoweza kuizima, hujiwasha yenyewe. Nikamwuliza iko wapi. Akasema juu ya jukwaa. Nikashusha pumzi. Moja tu, na iko mbali kabisa na watu.