Ampli ya Marehemu Apollinaire

Siku ya kwanza, 1 Juillet 2002

Leo batu bane mu salle yangu ya video. Bane! Na mumoja alikuwa anasinzia. Yassini, ule mwenye video kule upande wa soko, alijaza yake mpaka batu banachungulia ku dirisha. Eti juu ya sauti. Kweli, ampli yangu iko ya zamani, bafle zake za kutoa sauti mbili tu, na moja inakoroma sawa muzee.

Halafu baba mukwe ametuma habari toka Kasugho. Salle ikifungwa, mimi na Kaswera bibi yangu tuende kwake kulima, ameisha kunichagulia panga. Mimi, Zorobabel, na panga mu pori! Hapana hata kidogo.

Mais niko na mupango. Jirani yetu hapa Vulamba, marehemu Apollinaire, ameacha ampli mupya. Aliitosha Kasindi, ku mupaka, na bafle zake tano: tatu mbele, mbili nyuma ya batu. Home cinéma yenyewe! Ugonjwa ya kifua ikamubeba mbele ya kusikiliza hata filme moja. Masikini. Kesho kutwa naenda kuona mujane.

Siku ya tatu, 3 Juillet

Mama Kavuo, ule mujane, amekataa kuuzisha. Anasema kilio hakijatoshwa, matanga bado kuisha, ndugu za marehemu bangali njiani, balabala ya Beni ikifunguliwa ndio batafika. Mbele ya pale, vitu vya marehemu hapana kutoka mu nyumba, kwani mwenyewe angali anavizungukia. Nikamujibu siko nanunua, naenda kujaribu tu. Kujaribu si kununua! Akili hiyo ilitoka wapi? Najishangaa mwenyewe.

Aliniangalia sana. Akaniuliza kama kifua changu iko muzima. Muzima kabisa, mama! Akasema basi, ubebe, mais akikusalimia, usijibu. Nani? Alifunga mulango. Kilio kinachosha batu, pole yake.

Siku ya ine, 4 Juillet

Jaribio la kwanza. Niliweka filme ya vita. Masasi ikalia nyuma ya batu, na hapa kwetu hakuna mutu anangoja kuuliza ni ya nani. Wote chini ya mabanco! Papa Jéthro, muzee mumoja wa hapa, alipita ku dirisha, akafika mpaka ku kanisa ya paroisse na kiatu kimoja. Nikakimbia nyuma yake nikipiga kelele kama hii vita iko ya ku video, ile ingine bado. Bakarudi wamekasirika. Halafu bakaomba nianze tena.

Donc, naandika: ampli ya zamani, vita yote iko mbele. Ampli mupya, vita iko kila upande. Mupya inashinda.

Kitu kimoja tu. Pale mu filme mama analia kimyakimya, bafle ya nyuma, ya kushoto, ilikohoa. Kikohozi kirefu, na mwisho wake "ehe" kidogo. Kaswera akaangusha sahani ya beignets. Anasema ni Apollinaire, ndivyo alikuwa anakohoa ku misa. Nikasema ni filme. Anasema filme iko ya Bachina. Na Bachina hawakohoi?

Siku ya tano, 5 Juillet

Nimetosha waya ya ile bafle. Imekohoa bila waya! Kaswera akafanya alama ya musalaba. Mimi nimefurahi sana: bafle zangu za zamani, hata na waya zinashindwa.

Vumbi ya saison sèche, hii kiangazi, imeniingia mu koo kidogo. Si kitu.

Siku ya posho, 6 Juillet

Salle imejaa! Imejaa! Yassini mwenyewe alikuja, eti anatafuta dada yake Aisha. Aisha, kweli! Akakaa nyuma, masikio wazi. Baaskari nao bakaingia na bunduki zao, bure kama kawaida, bakafukuza batu ku banco ya mwisho.

Katikati ya filme, groupe ya umeme ikazimika, essence imeisha. Mapazia yote yamefungwa. Na ile bafle ya kushoto, bila umeme, ikasema nyuma yetu, polepole: Wavukire. Salamu ya asubuhi ya Kinande, na ilikuwa saa kumi za muchana.

Askari mumoja akauliza na Lingala yake "Nani wana?", nani iko pale, akageuza bunduki. Nyuma kulikuwa ukuta tu. Bakatoka mbio, bakaacha béret moja. Yassini alibapita ku mulango.

Mimi nikabaki. Na mama yangu alinilea vizuri, mutu akikusalimia unaitika. Nikaitika! Ndipo nikakumbuka neno la Mama Kavuo. Nyuma yangu kitu kikapumua, sawa mutu anatua muzigo. Niliogopa. Naandika wazi kwani hii hapana mutu atasoma: niliogopa sana.

Siku ya Mungu, 7 Juillet

Sikuenda misa, kifua kinabana. Mama Kavuo alipita kisha misa, akauliza kama niliitika. Nikasema hapana, na kikohozi kikanikatia ile hapana mu kinywa. Akalia. Akaomba arudishe ampli sasahivi mu chumba cha marehemu, labda bado kuna njia. Kaswera akapiga magoti: twende Kasugho leo, heri panga. Nikakataa. Ikirudi kule, Yassini ataipata!

Nikabatosha inje, nikafanya jaribio la mwisho peke yangu, groupe imezimwa. Kushoto, Apollinaire akakohoa. Halafu ya kuume, ile ilinyamaza siku zote hizi mpaka nikawaza imekufa, nayo ikakohoa. Ile kikohozi naijua. Ni yangu. Na nilikuwa sijakohoa! Nikangoja, mukono ku kifua. Ndipo nikakohoa, sawasawa ileile, na "ehe" ku mwisho.

Kaswera anafunga mizigo. Mimi nimekata shauri. Bafle zote mbili za nyuma ziko nzima, na sauti inafika mbele ya mutu kuitoa! Ya Yassini itaweza lini? Nanunua.

Na ona bahati: Mama Kavuo hapingi tena. Anasema nikae nayo tu, ndugu bakifika batatosha vilio viwili siku moja. Cha pili sijui ni cha nani. Mais batu watakuwa wengi, watahitaji muziki, na mwenye ampli ni mimi.