Nduma za Mapokezini

Jumatatu, 3 Machi
Daktari Orwa amenikuta nimesinzia tena. Mara ya tatu! Mimi, Masese, mpokezi wa kliniki nzima ya meno hapa Kisii mjini! Amesema nikilala tena, nikalale nyumbani moja kwa moja. Aliyenichongea ni Nesi Lavender. Meza yake inatazamana na yangu. Dawa ni moja: ukuta. Ukuta wa majani.

Jumanne, 4 Machi
Nimeng'oa nduma nne kando ya mto. Majani kama miavuli! Nimezipanda kwenye madebe, nikazipanga mbele ya meza yangu. Lavender akauliza za nini. Nikamjibu, kwa uso wa kanisani, kwamba kijani kibichi hutuliza wagonjwa. Jibu hilo nililitunga papo hapo! Mchana nimelala dakika arobaini. Raha tupu. Ila nduma zinakunywa maji kama ng'ombe. Ndoo sita!

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Debe limevuja, maji yameingia viatuni mwa Daktari. Akaamuru zote zitolewe. Nikainama kubeba. Hapo akaingia Mzee Nyangau wa Kenyenya, ambaye ametoroka kung'olewa jino mara mbili. Wiki iliyopita alikimbia na kitambaa cha kliniki shingoni. Leo akaketi kando ya nduma, akashika jani moja, akaanza kulipangusa taratibu.
"Mwanangu, ziache hapo," akaniambia. "Naona kama niko shambani kwangu."
Alipoitwa, akaingia mwenyewe. Jino limetoka! Daktari akaduwaa. Madebe yakabaki.

Ijumaa, 7 Machi
Foleni imetulia, hakuna anayegombana. Lavender amekiri kichwa hakijamuuma tangu Jumanne. Amesogeza kiti karibu na majani. Karibu mno! Sasa ananiona kuliko zamani. Sijalala hata kidogo. Ajabu ni kwamba hata usingizi sikuwa nao. Labda naumwa.

Jumatatu, 10 Machi
Ushindi! Daktari amenisifu mbele ya wote. Nimepewa cheo: Msimamizi wa Mimea. Anataka majani kila chumba. Anasema kitu kilicho hai humpa mgonjwa moyo. Lavender alipiga makofi, kwa shida. Nimekubali kwa unyenyekevu mkubwa.
Lakini nibebe ndoo zote hizo? Mimi? Jioni nimepita soko la Daraja Mbili, nikaagiza mimea ishirini ya plastiki. Kijani safi, haitaki tone la maji. Wagonjwa watatulia vilevile.
Akili ni nywele, na mimi nina msitu!