Muuguzi Aliyezibana Kadi Tatu kwa Pini Moja

Karurumo

Kwa Msimamizi wa Kituo cha Afya,

Bwana Msimamizi,

Nakusalimu mimi yuleyule wa barua za choo chenu, foleni yenu na saa yenu ya ukutani iliyosimama. Leo nina jambo zito zaidi: muuguzi wenu Wambeti anahesabu. Naomba ahamishwe, kwa sababu hizi.

1. Binti yangu Wanjira alijifungua mvulana. Kwa desturi yetu tukampa jina la mjomba wake Runji, mwanangu aliyefariki akiwa na miezi kumi. Mtoto akashikwa na nimonia. Tukaona jina limemlemea, tukambadilisha akawa Mithika, na kwa kuwa sisi ni watu wa utaratibu tukamchukulia kadi mpya ya kliniki. Nimonia ikarudi. Tukamwita Misheck, kama yule wa Biblia aliyetoka tanuruni bila kuungua hata unywele. Kadi ya tatu. Misheck wetu akatoka na nimonia, masikio yanayotiririka usaha, na utando mweupe mdomoni usiosikia dawa. Lakini kila kadi ilikuwa safi: mtoto mmoja, nimonia moja. Ubaya uko wapi?

2. Wambeti alizipanga kadi hizo mezani, akaona mama ni yuleyule na tarehe ya kuzaliwa ni ileile, akazibana kwa pini. Akatangaza kuwa ni mtoto mmoja mwenye nimonia tatu katika mwaka mmoja. Nimesoma vitabu vingi kuliko yeye, na hakuna hata kimoja kilichowahi kunijibu hivyo.

3. Hakutosheka. Alimuuliza mke wangu Felicitas ni wavulana wangapi waliokufa wachanga kwao Laare. Kaka zake wawili. Kisha akauliza habari za Runji. Akasema wapo watoto wanaozaliwa na kinga pungufu ya mwili, wala si ile ya virusi vya Ukimwi. Kwamba hurithiwa, na mama anaweza kuipitisha kwa wanawe wa kiume huku yeye mwenyewe haugui hata mafua. Bwana Msimamizi, kwa miaka ishirini na minne nimemlaumu Felicitas kwamba alimwogesha Runji kwa maji baridi. Sasa lawama hiyo niipeleke wapi?

4. Ameandika barua ili mtoto akapimwe damu hospitali kubwa, na juu yake ameweka majina yote matatu. Tukimwachia, kesho kila boma litaulizwa nani alikufa na kwa nini, na ukimya tulioulea kwa heshima utakwisha.

Wasalimie wahudumu wote, pamoja na mlinzi anayejificha akiniona.

Ni mimi, kwa hasira na adabu,
Kathuri Njiru

Nyongeza: Barua hii imekaa mfukoni wiki tatu. Majibu ya damu yamekuja; Wambeti alisema kweli, na mtoto ameanza matibabu. Lawama ya maji baridi nimeiondoa. Felicitas anasema nimechelewa. Tafadhali usimhamishe Wambeti kabla ya Jumatatu. Binti yangu mdogo, Ntinyari, ana mvulana wa miezi saba aliyeugua nimonia mara moja tu. Tutamleta asubuhi na mapema, pamoja na kadi zake zote mbili.