Bata Bukini Kwenye Gurudumu Langu

Bexford, New Jersey
Aprili 24

Kwa Bi. Fairbanks,
Mshauri wa Wanafunzi Wanaoomba Vyuo Vikuu

Bi mheshimiwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na gari lako linatoka nyumbani. Langu halitoki, na chanzo ni wewe.

Hadi Septemba iliyopita binti yangu Tessa alikuwa mtoto wa kawaida wa mji huu. Alipiga zumari, alicheza vitara, ule mchezo wa kupigana kwa panga, aliogelea, aliunda roboti, aligawa supu kwa wasio na makazi. Juu ya hayo alikuwa mwanzilishi na rais wa Klabu ya Amani Duniani, isiyo na mwanachama hata mmoja, maana kila mwenzake naye ni rais wa klabu yake. Ndipo ukamwita ofisini ukamwambia: "Vyuo havitaki tena mtu wa kudonoadonoa, mpenzi. Shika kitu kimoja, ukizamie."

Hukumwambia kitu gani. Kwa hiyo nalalamika:

1. Mtoto alitii. Aliacha yote, akatoka nje ya ofisi yako, na kiumbe wa kwanza kukutana naye alikuwa bata bukini, akamzamia huyo. Ndege hawa unawajua: wanachafua uwanja wa mpira na kuwakimbiza wastaafu. Mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya mtaa ya kuwafukuza. Nilipomkumbusha hilo mezani, alinijibu, "Baba, wewe unawachukia wote kwa jumla. Hujawahi kumchukia hata mmoja kwa undani."

2. Hiyo ndiyo mara ya mwisho tuliyokula naye. Siku hizi anashinda bwawani. Mke wangu Renata, niliyemtegemea, anasema, "Mwache. Angalau hawa hawapigi zumari."

3. Mwezi uliopita bata mmoja alijenga kiota kando ya gurudumu langu la mbele. Sheria inakataza kumgusa. Tessa amezungusha kamba. Naenda stesheni ya treni kwa baiskeli yake ya utotoni, yenye riboni. Jirani yangu Pelletier, ambaye mwanawe bado ana urais wa klabu sita, hunipigia kelele kutoka ng'ambo ya uzio: "Desmond! Chuo kinamchukua na baba?"

4. Ameichana orodha yetu ya vyuo na kuandika nyingine, kwa kufuata ukubwa wa mabwawa. Chuo nilichosoma mimi, ambacho sweta lake nilimnunulia kabla hajaota meno, kimefutwa. "Wana chemchemi ya mapambo tu, Baba. Chemchemi si makazi."

5. Kama kuzamia ni kuzuri hivyo, kwa nini vyuo vyenyewe vina vitivo arobaini? Vichague kimoja! Kwa nini mkahawa wa shule yako unapika zaidi ya maharage? Na wewe, Bi mheshimiwa, unawashauri watoto mia tatu. Huko si kudonoadonoa? Chagua mmoja, umzamie. Napendekeza wangu.

Naomba basi umwandikie Tessa, kwa muhuri wa shule, arudi mara moja kwenye mambo mengi. Sidai makubwa: zumari, vitara na urais wa klabu mbili. Maombi yanaanza vuli hii, na sitaki binti yangu akose chuo kwa sababu ya ndege anayenizomea kwangu.

Msalimie mkuu wa shule, karani wako mpole, na kocha wa vitara ambaye bado anatupigia simu akilia.

Wako mwenye hasira na adabu kwa kiasi sawa,
Desmond Kowalczyk

Tanbihi: Leo Tessa ana mtihani, akaniachia zamu ya kulinda kiota. Nilikuja na barua hii niimalizie hapa. Mayai yameanguliwa. Kifaranga mmoja ametoka chini ya mama yake, amepanda kiatu changu, amelala. Kikao cha kamati kimenipita, nami ndiye niliyepaswa kumleta mbwa wa kuwafukuza. Ningeandika barua nyingine, lakini karatasi ziko ndani na sithubutu kuinuka. Tafadhali usimwandikie Tessa neno. Ila kwenye fomu yake ongeza hili, ukiweza: katika shule yako nzima, ndiye rais pekee, japo wa bata bukini, mwenye mwanachama: mimi.